Splaini kwa vipimo vya ziwa: kutoka nukta chache hadi mchoro na hesabu za kuaminika

Maswali ya watu wanaopima ziwa ni yaleyale. Mwanafunzi amepima vina vitano kutoka ufukweni Nyegezi, Mwanza, na anataka kujua kina cha katikati ya nukta mbili. Mwenye vizimba vya sato Ilemela anauliza kina cha mita nne kinaanzia umbali gani kutoka nchi kavu. Mwingine ana nukta za GPS za kisiwa, na mstari wake unajikunja kitanzi kila unapofika kwenye rasi. Wote wanahitaji chombo kimoja, splaini ya kipeo cha tatu, na karibu wote hukwama mahali pamoja: kwenye ncha za data.

Splaini ni hii: kila kipande kati ya nukta mbili kinapewa polinomia yake ya kipeo cha tatu, halafu vipande vinaungwa kwa namna ambayo kimo, mteremko na mpindo haviruki penye maungio. Mpindo ni kasi ya kubadilika kwa mteremko. Nadharia ya kutosha kuanzia ni hiyo.

Andaa kwanza

- Jedwali la safu mbili: umbali kutoka ufukweni na kina. Nukta zisipungue tano. Kuanzia kumi na kuendelea matokeo yanatulia zaidi.
- Kiwango cha maji cha kila siku uliyopima. Ziwa Victoria hupanda na kushuka kwa msimu. Piga alama kwenye nguzo ya gati au jiwe lisilosogea, usome maji yalipofika kabla ya kuanza kupima na baada ya kumaliza. Vipimo vya siku mbili tofauti usivichanganye kabla ya kuvileta kwenye kiwango kimoja.
- Kompyuta yenye Python 3, NumPy, Matplotlib, pyproj, na SciPy toleo la 1.10 au jipya zaidi. Ukishakuwa na Python, vingine vyote vinaingia kwa amri moja: `pip install numpy scipy matplotlib pyproj`
- Karatasi, kalamu na kikokotoo kwa hatua ya pili. Usiiruke.

Kama bado hujaenda kupima, panga nukta zako kwa akili. Karibu na ufukwe, ambako sakafu hubadilika haraka, pima kila mita 20 au 25. Mbali zaidi mita 100 zinatosha. Ila ongeza nafasi polepole. Nafasi ya mita 5 ikifuatwa ghafla na ya mita 200, splaini itatunisha tumbo kwenye kipande kirefu. Toka asubuhi kabla upepo wa ziwani haujaanza, kwa sababu kamba ya timazi ikilala upande kwa wimbi itasoma kina kirefu kuliko kilichopo.

Hatua

1. Safisha jedwali.

Panga mistari ya jedwali kwa umbali, mdogo hadi mkubwa. Tafuta umbali uliojirudia: ukiwa na vipimo viwili vya mita 150, chukua wastani wake ubaki na kimoja. SciPy hukataa kabisa umbali uliojirudia au usiopanda. Hakikisha desimali zimeandikwa kwa nukta, si mkato. Baadhi ya faili zinazotoka kwenye Excel huja na 3,5 na Python huisoma kama maneno. Weka umbali na kina katika kizio kimoja, mita kwa mita. Ukiacha umbali katika kilomita, miteremko yote utakayosoma baadaye itakuwa mara elfu ya ile halisi.

2. Kokotoa mfano mdogo kwa mkono.

Tumia namba hizi. Ni za mfano tu, zimechaguliwa ili majibu yawe mepesi kukagua:

```
umbali (m):  0   100   200   300   400
kina (m):    0     1     5     6     6
```

Nafasi kati ya nukta, h, ni 100 kila mahali. Kwa kila nukta ya ndani tafuta tofauti ya pili: kina cha mbele, toa mara mbili ya kina cha hapo, jumlisha kina cha nyuma.

```
kwenye 100:  5 − 2 + 0  =  3
kwenye 200:  6 − 10 + 1 = −3
kwenye 300:  6 − 12 + 5 = −1
```

Kila nukta ya ndani sasa inatoa mlinganyo mmoja. Herufi m ni mpindo katika kizio rahisi. Mpindo halisi ni 6m gawanya kwa h².

```
m0 + 4·m1 + m2 =  3
m1 + 4·m2 + m3 = −3
m2 + 4·m3 + m4 = −1
```

Milinganyo ni mitatu, visivyojulikana ni vitano. Miwili inayopungua ndiyo masharti ya ncha, na hakuna kompyuta inayoweza kuyajua kwa niaba yako. Kwa splaini asilia tunasema mpindo ni sifuri kwenye ncha zote mbili, yaani m0 = m4 = 0. Ukitatua unapata m1 = 1, m2 = −1, m3 = 0. Rudisha namba hizo kwenye milinganyo uone zinakubali.

Kina cha katikati kabisa ya kipande ni wastani wa vina vya pande zake, toa 0.375 mara jumla ya m zake mbili:

```
mita 50:   0.5 − 0.375 × (0 + 1)  = 0.125
mita 150:  3.0 − 0.375 × (1 − 1)  = 3.000
mita 250:  5.5 − 0.375 × (−1 + 0) = 5.875
mita 350:  6.0 − 0.375 × (0 + 0)  = 6.000
```

Kwa mahali pengine popote, t ni sehemu ya kipande uliyokwisha kuipita, kuanzia 0 hadi 1. Herufi a na b ni vina vya mwanzo na mwisho wa kipande, p na q ni m zake:

```
S = a(1−t) + b·t + p[(1−t)³ − (1−t)] + q[t³ − t]
```

Kipande cha kwanza kinageuka kuwa t³ tupu, na cha tatu kinakuwa 6 − (1−t)³. Hapo unaona kwa macho yako mstari unavyoondoka ufukweni ukiwa umelala, kisha unavyotulia kwenye mita sita bila kuzipita.

Nafasi zisipolingana, mlinganyo wa kila nukta ya ndani hutumia mpindo halisi M, pamoja na h ya nyuma (u) na h ya mbele (v):

```
u·M(nyuma) + 2(u+v)·M(hapa) + v·M(mbele) = 6 × (mteremko wa mbele − mteremko wa nyuma)
```

Kila mlinganyo unagusa nukta tatu tu, kwa hiyo hata nukta elfu kumi hutatuliwa kwa kufumba na kufumbua.

3. Rudia mfano uleule kwenye Python.

```python
import numpy as np
from scipy.interpolate import CubicSpline

x = np.array([0, 100, 200, 300, 400.0])
y = np.array([0, 1, 5, 6, 6.0])

sp = CubicSpline(x, y, bc_type='natural', extrapolate=False)
print(sp([50, 150, 250, 350]))
```

Lazima upate 0.125, 3, 5.875 na 6. Ukipata kitu kingine usiendelee. Kuna kosa kwenye uandishi wako.

Sasa futa `bc_type='natural'` uendeshe tena. Jibu la mita 50 linakuwa −0.375. Hivi ndivyo watu wawili wenye data moja wanavyopata majibu mawili. SciPy, usipoiambia kitu, huchukua sharti liitwalo `not-a-knot`, linalovilazimisha vipande viwili vya kwanza kuwa polinomia moja, na viwili vya mwisho vivyo hivyo. Kwenye data laini ni chaguo zuri sana. Kwenye ufukwe wa nukta tano, limechimbua nchi kavu ndani ya maji.

4. Chagua sharti la ncha, na uandike sababu yake.

Tazama namba zilezile tano zikipitishwa kwenye njia nne (pchip inaelezwa mwishoni mwa hatua hii):

```
                        50 m      150 m     250 m     350 m
asilia                  0.125     3.000     5.875     6.000
not-a-knot             −0.375     3.125     5.875     5.875
pchip                   0.300     3.000     5.700     6.000
polinomia moja ya wote −0.5625    3.1875    5.9375    5.6875
```

Mstari wa mwisho wa jedwali ni onyo. Polinomia moja iliyolazimishwa kupita kwenye nukta zote huyumba, na huyumba zaidi kadiri nukta za nafasi sawa zinavyoongezeka. Carl Runge alilionyesha hilo mwaka 1901. Usiitumie kwa kazi hii.

Kwa njia tatu zilizobaki, amua hivi.

Unajua mteremko wa ncha? Uweke, kwa sababu hakuna taarifa bora kuliko hiyo. Kwa mfano umepima kwa fito mita kumi za mwanzo na maji yameongezeka sentimita kumi: mteremko ni 0.01. Upande wa ndani sakafu imelala: mteremko ni 0. Andika

```python
sp = CubicSpline(x, y, bc_type=((1, 0.01), (1, 0.0)), extrapolate=False)
```

Namba ya kwanza katika kila jozi, 1, inasema unatoa mteremko. Ingekuwa 2 ungekuwa unatoa mpindo.

Hujui mteremko, lakini nukta ni nyingi, ni laini na zimepimwa vizuri? Tumia `not-a-knot`. Usahihi wake haupungui kwenye ncha kama ule wa asilia.

Asilia inafaa pale mstari unapokuwa karibu kunyooka mwishoni. Watu huipenda kwa sababu ya jina lake, lakini sharti la mpindo sifuri ni dai zito kuhusu sakafu ya ziwa, na mara nyingi si kweli.

Kama jambo la msingi ni kwamba mstari usipite juu wala chini ya vipimo, mathalani kina kisiwe hasi au ujazo wa tangi usipungue wakati maji yanaingia, tumia `PchipInterpolator(x, y)` kutoka maktaba ileile. Njia hii ya Fritsch na Carlson ya mwaka 1980 hairuhusu kilima wala bonde ambalo data haina. Gharama yake ni kwamba mpindo unaruka kwenye nukta, kwa hiyo usiitumie ukihitaji mpindo wenyewe.

5. Pima usahihi kabla ya kuamini.

Jaribio la kwanza ni la programu yako. Chukua sin kutoka 0 hadi π, nukta 11 za nafasi sawa, splaini asilia, kisha linganisha na sin halisi kwenye nukta elfu moja. Kosa kubwa kabisa linapaswa kuwa karibu 0.000025. Fanya nukta 21, na kosa lishuke takribani mara 16, kwa sababu kosa la splaini hufuata kipeo cha nne cha h. Badili sin kuwa cos, bado kwa asilia: karibu na ncha kosa litashuka mara 4 tu. Sin ina mpindo sifuri kwenye 0 na π, cos haina. Dakika tano za jaribio hili zinafundisha kuhusu ncha kuliko kurasa nyingi za maelezo.

Jaribio la pili ni la data yako. Ficha nukta moja ya ndani, jenga splaini kwa zilizobaki, uliza kina cha ile uliyoificha:

```python
for i in range(1, len(x) - 1):
    xi, yi = np.delete(x, i), np.delete(y, i)
    kadirio = CubicSpline(xi, yi)(x[i])
    print(x[i], y[i], round(float(kadirio), 2))
```

Weka humo sharti lilelile ulilochagua kwenye hatua ya 4. Nukta ambayo kadirio lake liko mbali sana na kipimo ina mambo mawili: ama ilipimwa vibaya, ama mahali hapo panahitaji nukta zaidi. Rudi kwenye mtumbwi kabla hujairekebisha kwenye kompyuta.

6. Toa majibu yenyewe.

Splaini ikishakuwa tayari, maswali mengine ni mstari mmoja mmoja. Tumia ile asilia ya hatua ya 3:

```python
sp(150, 1)            # mteremko kwenye mita 150: 0.045
sp.integrate(0, 400)  # eneo la mkato wa maji: 1500 m²
sp.solve(4)           # wapi kina ni mita 4: karibu 172.7
```

Mwenye vizimba amepata jibu lake kwenye mstari wa tatu. Eneo la 1500 ni sawa na lile la kuunganisha nukta kwa mistari iliyonyooka, lakini ni kwa namba hizi tu, ambapo mipindo ya juu na ya chini inafutana. Kwa data yako yatatofautiana.

Ile `extrapolate=False` tuliyoiweka mwanzo inafanya kazi hapa: ukiuliza kina cha mita 450 unajibiwa `nan`, yaani hakuna namba. Bila hiyo, splaini ingerefusha kipande cha mwisho na kukupa namba inayoonekana ya kweli.

7. Chora.

```python
import matplotlib.pyplot as plt
xx = np.linspace(0, 400, 401)
plt.plot(xx, sp(xx))
plt.plot(x, y, 'o')
plt.gca().invert_yaxis()
plt.xlabel('Umbali kutoka ufukweni (m)')
plt.ylabel('Kina (m)')
plt.savefig('kina.svg')
```

Usitoe mchoro wa splaini bila nukta za vipimo juu yake. Anayeutazama ana haki ya kuona wapi ulipima na wapi umekadiria. Laini ya "smoothed" ya Excel ni urembo wa mchoro tu; huwezi kuiuliza kina wala eneo.

Ukitaka mstari wenyewe, bila vijistari vifupi vingi, uandike kama mstari wa Bézier, yaani mstari uliopinda unaoongozwa na nukta elekezi mbili. Kila kipande cha splaini ni Bézier moja kamili: nukta elekezi ziko theluthi moja ya h kutoka kila upande, zikifuata mteremko wa upande huo. Kwa kipande cha 200 hadi 300, mteremko wa mwanzo ni 0.03 na wa mwisho ni 0, hivyo:

```
M 200 5 C 233.33 6 266.67 6 300 6
```

Katika SVG mhimili wa wima huhesabiwa kwenda chini, na kwa kina cha maji hilo linakufaa bila kugeuza chochote.

8. Kisiwa na mistari inayojifunga.

Ufukwe wa kisiwa cha Saanane, Mwanza, hauwezi kuandikwa kama y ya kila x, maana x moja ina ufukwe wa pande mbili. Tumia splaini mbili, ya x na ya y, zote zikifuata kigezo s kinachokua unapozunguka kisiwa.

Kwanza ondoa digrii. Mwanza iko kwenye ukanda wa 36 Kusini wa UTM, mfumo unaotaja mahali kwa mita badala ya digrii. Hapa `lon` na `lat` ni longitudo na latitudo za nukta zako:

```python
from pyproj import Transformer
g = Transformer.from_crs("EPSG:4326", "EPSG:32736", always_xy=True)
X, Y = g.transform(lon, lat)
X, Y = np.append(X, X[0]), np.append(Y, Y[0])
d = np.hypot(np.diff(X), np.diff(Y))
s = np.r_[0, np.cumsum(np.sqrt(d))]
kisiwa = CubicSpline(s, np.c_[X, Y], bc_type='periodic')
```

Nukta ya kwanza imerudiwa mwishoni kwa makusudi. Bila hivyo sharti la `periodic` linakataa. Kipeuo cha pili cha umbali, ile `sqrt`, ndicho kinachosaidia kuzuia vitanzi kwenye rasi. Ukiweka s kuwa 0, 1, 2, 3 bila kujali umbali, vitanzi vinarudi. Kwenye mchoro ongeza `plt.axis('equal')`, la sivyo kisiwa kitabanwa.

Angalia pia ramani unayoilinganisha nayo. Ramani za zamani za Tanzania ziko kwenye mfumo wa marejeo uitwao Arc 1960, GPS yako iko kwenye mfumo mwingine, WGS84, na tofauti yake ni mamia ya mita. Ufukwe wako ukitua katikati ya maji, anza kukagua hapo.

Ikigoma

*"x must be strictly increasing".* Umbali umejirudia au haujapangwa. Rudi hatua ya 1. Kwenye kisiwa, maana yake GPS imeandika nukta ileile mara mbili mfululizo, futa moja.

*Mstari una mawimbi madogo kila mahali.* Splaini hupita kwenye kila kipimo, pamoja na makosa yake, na mtumbwi ulikuwa unapanda na kushuka. Hapa unahitaji splaini ya kulainisha: `make_smoothing_spline(x, y)`, nukta tano au zaidi. Inajichagulia kiasi cha kulainisha. Ikizidisha, punguza `lam` kwa mkono. Haitapita tena kwenye nukta zako kamili, na ndivyo inavyotakiwa.

*Tumbo kubwa kwenye kipande kimoja tu.* Ama nafasi imeruka ghafla, ama sakafu ina ukingo mkali kama mwamba. Splaini ya kipeo cha tatu haijui ukingo. Igawe data penye ukingo, ujenge splaini mbili zinazokutana hapo, au tumia pchip.

*Kina hasi karibu na ufukwe.* Sharti la ncha. Weka mteremko uliopimwa. Usipokuwa nao, pchip. Usikate namba hasi kuwa sifuri, kwa kuwa mteremko na eneo vitabaki na kosa lilelile lisiloonekana.

*Mteremko ni mkubwa kupita kiasi, mara elfu.* Kilomita zimebaki kwenye safu ya umbali.

*Eneo la kisiwa ni hasi.* Umekokotoa kwa nukta za mzingo na ulizunguka kisiwa kufuata mwendo wa saa. Chukua thamani bila alama. Ukubwa ni sahihi.

*Eneo la kisiwa ni dogo mno, lakini umbo ni sawa.* Umesahau kutoka kwenye digrii. Digrii moja hapa ni karibu kilomita 111, hivyo eneo lililokokotolewa kwa digrii za mraba halina maana mpaka nukta zipitishwe kwenye UTM.